Kikapu cha Mama: makopo ya asili, sahani ya maharage au statini?

Mwezi wa nne nilipanda Tukuyu kumwona Mama. Kabla sijamaliza hata kuvua koti akaniwekea kikapu mapajani. "Nisomee haya maandishi, mwanangu, macho yangu hayafiki."

Ndani mlikuwa na makopo sita. Vidonge vya kitunguu saumu visivyo na harufu. Mafuta ya samaki. Mafuta ya habasoda. Unga wa mlonge. Kopo lenye picha ya moyo mwekundu, maandishi yake Kiingereza na Kichina. La sita lilikuwa na kitu kinachoitwa koenzaimu Q10. Chini kabisa, kwenye bahasha ya kaki, zilikuwemo atorvastatini zake za miligramu 20, dawa ya jamii ya statini inayoshusha lehemu (kolesteroli). Nilizihesabu juu ya kanga. Alipewa 30, zimebaki 22, na mwezi ulishapita.

"Hizo zinaniumiza mapaja," akasema. "Yule kijana wa semina ametuambia za asili hazina madhara. Akasema zile za hospitali niachane nazo, ni kemikali."

Kikapu kile kilimgharimu shilingi 240,000, fedha ya parachichi za msimu. Mama ana miaka 63, anameza amlodipini kwa ajili ya presha, na kaka yake mkubwa alipigwa na kiharusi akiwa shambani. LDL yake, ile tunayoiita lehemu mbaya, ilikuwa juu, 4.9 mmol/L. Mimi ni mfamasia, nipo Mbeya mjini mwaka wa kumi na moja sasa, na mama yangu mzazi alikuwa ameacha dawa bila mimi kujua. Iliniuma sana. Sikumgombeza, maana pale kliniki hakuna aliyemwambia kwamba mapaja yanaweza kuuma, wala afanye nini yakiuma. Mtu asipopewa maelezo na anayempa dawa, atayapata kwa anayeuza makopo.

Ulinganisho huu niliuandika kwanza kwa ajili yake, kwenye daftari. Nauweka hapa kwa sababu kila wiki dirishani napokea watu wenye kikapu kama chake, kutoka Uyole, Mbalizi, Makambako, hata Mafinga. Mtu anaweza kudhani natetea dawa kwa kuwa naziuza. Ukweli wa biashara ni kwamba faida ya kopo moja la virutubisho inazidi faida ya karatasi nyingi za statini.

Namba kwanza

Lehemu si sumu. Mwili unaihitaji kujengea kuta za seli, homoni na nyongo, na sehemu kubwa yake haitoki kwenye sahani bali inatengenezwa na ini. Tatizo ni ile inayozunguka kwenye damu ikiwa nyingi kwa miaka mingi, ikajipenyeza kwenye kuta za mishipa. Haiumi wala haikuamshi usiku. Ndiyo maana hakuna anayeweza kusema "nimetumia, najisikia vizuri, lehemu imeshuka". Anayesema hivyo amepima kwa hisia. Lehemu hupimwa kwa damu tu.

Maabara zetu nyingi huandika kwa mmol/L. Ukipewa karatasi ya mg/dL, gawanya namba ya LDL kwa 38.67 ndipo ulinganishe. Ushahidi uliokusanywa kwenye majaribio mengi ya statini unaonyesha kwamba LDL ikishuka kwa 1.0 mmol/L, matukio makubwa ya moyo na mishipa, yaani mshtuko wa moyo, kiharusi na mishipa inayohitaji kuzibuliwa, hupungua kwa takriban asilimia 22. Kwa hiyo kila kitu kikapuni nilikiuliza swali lilelile: unashusha kiasi gani, na nitajuaje?

Makopo kando ya statini

Mwaka 2022 watafiti wa Cleveland Clinic huko Marekani walitangaza jaribio lililonirahisishia kazi. Waligawa watu makundi manane. Kundi moja lilimeza rosuvastatini miligramu 5, ambayo ni dozi ndogo, jingine kidonge kitupu kisicho na dawa, na sita zilizobaki zikapewa mafuta ya samaki, kitunguu saumu, mdalasini, manjano, steroli za mimea, au wali mwekundu uliochachushwa. Watu 190 walimaliza siku 28. Kwenye kundi la rosuvastatini LDL ilishuka karibu asilimia 38. Kwenye yale sita, hakuna kirutubisho hata kimoja kilichokishinda kidonge kitupu, na kwa waliomeza kitunguu saumu LDL ilipanda kidogo.

Haki itendeke: jaribio hilo lililipiwa na kampuni inayotengeneza rosuvastatini, lilikuwa fupi, na kila kirutubisho kilipimwa kwa chapa moja tu. Lakini kwa kitunguu saumu halikuwa la kwanza. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Stanford kilishatoa jaribio la miezi sita kwa watu 192. Wengine walikula kitunguu saumu kibichi chenyewe ndani ya mkate, siku sita kwa wiki, wengine wakameza vidonge vya unga au vya kitunguu kilichovundikwa. LDL haikusogea kwa kundi lolote. Nasisitiza kibichi, maana nikimwambia mteja vidonge havifai, hunijibu kwamba yeye hutwanga mwenyewe na limau na tangawizi. Kitunguu saumu kiungie mboga, ni kitamu na hakina ubaya. Usikipe kazi ya statini. Na kama unameza wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au aspirini, zile dozi nzito za vidonge vyake zinaongeza hatari ya kutoka damu, kwa hiyo mwambie daktari kabla ya upasuaji au kung'olewa jino.

Mafuta ya samaki yanafanya kazi, ila si hiyo uliyoyanunulia. Yanashusha trigliseridi, aina nyingine ya mafuta kwenye damu, na kwa dozi kubwa. LDL hayaishushi, kwa baadhi ya watu huipandisha. Habasoda ina majaribio madogomadogo yaliyoona LDL ikishuka kidogo. Mlonge ni mboga nzuri, lakini kwa lehemu ya binadamu ushahidi wake ni mwembamba. Haya mawili sikumnyang'anya Mama. Mlonge ameutia kwenye mboga.

Ninachokiogopa kuliko hayo ni vidonge vyenye kiini kilichokamuliwa na kukolezwa. Chai yetu ya Rungwe au Mufindi ukiinywa kikombeni haina shida. Kiini cha chai ya kijani kwenye vidonge ni jambo jingine: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitahadharisha kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini yake kuu, EGCG, zinahusishwa na dalili za kuumia ini. Manjano ya kupikia hayana historia hiyo, lakini vidonge vyake vilivyochanganywa na kiini cha pilipili manga ili yafyonzwe zaidi vimeshaumiza maini ya watu Italia na Marekani. Wengi huvikimbilia hivi kwa kuwa wamesikia statini inaharibu ini. Ukweli ni kwamba statini huweza kupandisha vimeng'enya vya ini kwa watu wachache, na mara nyingi hurudi vyenyewe au kwa kupunguza dozi. Ini kuumia vibaya ni nadra sana.

Kopo lenye picha ya moyo

Hili nilikaa nalo usiku mzima. Lilikuwa na vidonge vyekundu-kahawia, na mgongoni, kwa herufi ndogo, limeandikwa kwamba ndani ni wali uliochachushwa kwa kuvu aina ya Monascus. Uchina wameutumia tangu zamani kwenye chakula na tiba.

Miaka ya 1970 mtaalamu wa Japani, Akira Endo, alichunguza maelfu ya kuvu akitafuta kitu cha kulizuia ini lisitengeneze lehemu. Akakipata, na statini zote zilizopo leo zinafuata njia ile. Mwaka 1979 alitenga kutoka kwenye kuvu wa Monascus kiini alichokiita monakolini K. Kiini hichohicho, kwa jina jingine, ni lovastatini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987 ikawa statini ya kwanza kuuzwa kama dawa.

Maana yake Mama alikuwa ameacha statini kwa sababu ya mapaja, kisha akanunua kopo ambalo, kama lina nguvu yoyote, nguvu hiyo ni ya statini. Mapaja yake hayawezi kujua kwamba hii imeandikwa "asili". Madhara ni yaleyale: misuli, ini, kugongana na dawa nyingine. Kilichobadilika ni kwamba atorvastatini inasema miligramu 20 na ndani mna miligramu 20. Kopo hili halikusema kiasi cha monakolini, na vipimo vilivyofanywa nje kwa bidhaa kama hizi vimekuta baadhi zina nyingi, nyingine karibu hakuna. Juu ya hapo, kuvu hao wakichachushwa vibaya hutoa sitrinini, sumu ya figo. Ulaya tangu mwaka 2022 hairuhusu bidhaa hizi kufikisha miligramu 3 za monakolini kwa siku. Mwaka 2024, huko Japani, virutubisho vya wali mwekundu vya kampuni moja viliondolewa sokoni baada ya watu kuumia figo na kulazwa hospitali.

Kati ya wali mwekundu na statini, kwa hiyo, sioni ulinganisho wa asili na kemikali. Ni kemikali ileile, moja imepimwa na nyingine haijapimwa. Hili kopo nililichukua, nikamrudishia Mama fedha yake mfukoni mwangu.

Sahani

Hapa ndipo "asili" inapostahili jina lake, na kwa Nyanda za Juu Kusini tumejaliwa.

Ini hutumia lehemu kutengenezea nyongo. Nyongo humwagika utumbo mwembamba kuyeyusha mafuta, halafu sehemu kubwa yake hufyonzwa ikarudi kwenye ini kutumika tena. Ukila chakula chenye ule ute, kama unaouona bamia ikikatwa au uji wa oti ukipoa, ute hukamata nyongo na kutoka nayo chooni. Ini likipungukiwa, linavuta LDL kutoka kwenye damu ili litengeneze nyingine. Statini nayo inafika palepale kwa mlango mwingine: inalizuia ini kutengeneza lehemu yake, linalazimika kuivuta kutoka kwenye damu. Ndiyo maana sahani na kidonge havishindani, vinasaidiana.

Maharage. Wakanada walijumlisha majaribio 26 mwaka 2014 wakaona kwamba gramu 130 za jamii ya kunde kwa siku, karibu robo tatu ya kikombe zikiwa zimepikwa, zinashusha LDL kwa asilimia 5 hivi. Asilimia 5 ni ndogo ukiitazama peke yake. Lakini maharage ya Mbeya yapo mwaka mzima, mtoto anayala, na yanakifukuza kitoweo cha mafuta sahanini. Oti zinazotoa gramu 3 za ule ute kwa siku, ambazo ni kama gramu 75 za oti kavu, zinashusha kiasi cha kukaribiana. Usidhani ulezi utafanya hivyohivyo. Ni chakula kizuri, ila ute huo ni wa oti na shayiri. Maganda ya isabgoli, unga unaovimba majini, gramu 10 kwa siku hushusha karibu asilimia 7. Unywe na maji mengi, na dawa zako nyingine zitangulie au zifuate kwa masaa mawili, maana unazifungia njiani.

Parachichi nalipenda, na Rungwe na Njombe tunalo mpaka linaoza chini ya mti. Linasaidia linapochukua nafasi ya siagi, samli au nyama yenye mafuta. Ukilila juu ya chipsi umeongeza chakula tu.

Mafuta ya kupikia yanataka maneno zaidi, kwa kuwa ndipo nilipogombana na Mama. Mawese ya Kyela yale mekundu, yanayokuja kwenye dumu, karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba, yale yanayoliambia ini lipunguze kuvuta LDL. Alizeti ina kama asilimia 11. Samli imepita mawese, na nazi imeipita samli. Majaribio yaliyolinganisha mawese na mafuta laini kama ya alizeti yaliona LDL ya walaji mawese iko juu kwa takriban 0.24 mmol/L, yaani kuacha mawese peke yake kunakaribia kazi ya bakuli la oti kila siku. Mawese mekundu yana sifa yake, yana betakarotini inayogeuka vitamini A, na kwa mtoto anayekua hiyo ni neema. Kwa mwenye LDL ya 4.9 na kaka aliyepigwa kiharusi, hesabu ni nyingine.

Na kahawa. Mjomba yuko Mbozi, hutuletea kahawa yake mwenyewe, na Mama huichemsha sufuriani mpaka ikole, anaiacha ituame, anakunywa vikombe vitatu. Mafuta ya buni yana kafestoli, ambayo hupandisha LDL, na kahawa iliyochemshwa inabaki nayo. Watu wa Norwei walilianza jambo hili miaka ya 1980 kule Tromsø, walipoona wanywaji wa kahawa wana lehemu ya juu. Baadaye ikajulikana kosa lilikuwa kwenye kuchemsha. Ukiichuja kwa karatasi ya kuchujia, kafestoli inabaki kwenye karatasi. Chujio la chuma halitoshi. Hili dogo hakuna anayeliambia, na haligharimu karibu kitu.

Vyote hivi vikiwekwa pamoja vinafika wapi? Mwaka 2003 David Jenkins wa Toronto aliwagawa watu 46 makundi matatu, moja likapewa kwa mwezi mzima chakula chenye soya, oti, shayiri, bamia, biringanya, lozi na steroli za mimea. LDL ilishuka asilimia 28.6, huku wenzao waliomeza lovastatini ikishuka 30.9. Habari hiyo wauza makopo wanaipenda. Hawasemi kwamba chakula kile kilitolewa tayari na watafiti. Mwaka 2011 walipojaribu kwa watu kupewa ushauri wakapike nyumbani kwao, kwa miezi sita, ilishuka kama asilimia 13 au 14. Mimi naishika hii ya pili. Asilimia 13 ya 4.9 inakuacha 4.3. Kwa kijana wa miaka 35 asiye na presha wala sukari, aliyekutwa na 3.6, sahani inaweza kutosha, arudie kipimo baada ya miezi mitatu. Kwa Mama haitoshi.

Mapaja

Maumivu ya misuli ndiyo yanayofanya watu waache, kwa hiyo yasidharauliwe. Ya statini huwa na sura yake: yanakuja wiki chache baada ya kuanza au kuongezewa dozi, yanashika pande zote mbili, kwenye misuli mikubwa, mapaja, nyonga, mabega. Goti moja linalolia ukipanda ngazi si statini. Na ukiona mkojo umekuwa kama chai ya rangi iliyokolea, huku misuli imelegea na inauma sana, acha dawa siku hiyohiyo uende hospitali. Misuli inaweza kuwa inavunjika na kuziba figo. Ni nadra mno, lakini haisubiri kesho.

Kwa maumivu ya kawaida, linganisha njia hizi.

Koenzaimu Q10, lile kopo la sita: statini kweli hupunguza kiwango chake kwenye damu, na hapo ndipo wazo lilipotoka. Majaribio ya kuitumia kwa maumivu yamegongana, mengine yanaona nafuu, mengine hapana. Haina madhara makubwa, isipokuwa inaweza kupunguza nguvu ya wafarini. Ni ghali kwa kitu cha kubahatisha. Vitamini D ilipimwa vizuri ndani ya jaribio kubwa la Marekani, matokeo yakatoka 2022: waliomeza vitamini na waliomeza kidonge kitupu walipata maumivu ya statini sawasawa.

Kuacha na kurudia kwa mpango, pamoja na daktari: hii haina bei, na ndiyo inayotoa jibu. Kwenye majaribio makubwa yaliyojumlishwa mwaka 2022, kati ya kila watu 100 waliomeza statini, 27.1 walilalamika misuli. Kati ya 100 waliomeza kidonge kitupu, 26.6. Watu wa miaka sitini wanaolima na kubeba mikungu ya ndizi wana misuli inayouma. London, mwaka 2020, watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa madhara walipewa mwaka mzima chupa za miezi minne yenye atorvastatini, minne yenye vidonge vitupu, na minne bila kitu, bila kujua vidonge vipi ni vipi. Asilimia 90 ya maumivu na dalili nyingine walizozipata wakiwa na statini walizipata pia wakiwa na kidonge kitupu. Maumivu yale yalikuwepo kweli, na hakuna aliyesema wanadanganya. Nusu yao walirudi kwenye dawa walipoyaona matokeo yao wenyewe.

Kubadili dozi au aina: kuongeza dozi ya statini mara mbili hushusha LDL kwa kama asilimia 6 tu zaidi, kwa hiyo kupunguza dozi hakupotezi sana. Wengi walioshindwa aina moja wanaiweza nyingine, hasa ikianza kidogo.

Kutafuta mchokozi: hapa ndipo mfamasia wako ana faida kuliko kopo lolote. Anayemeza amlodipini asizidishe simvastatini miligramu 20, na hilo hupitwa mara nyingi kwa kuwa zote mbili ni dawa za kawaida. Erithromaisini na klarithromaisini, dawa za fangasi kama ketokonazo, juisi ya balungi kwa wingi, vyote hupandisha simvastatini au atorvastatini mwilini mpaka misuli ikalia. Wenyeji wa nyanda hizi tuna jambo jingine. Kabla chumvi yenye madini joto haijaenea, tezi la shingo lilikuwa kawaida kwetu, na wazee wengi bado wanalo. Tezi likiwa linazalisha homoni kidogo, lenyewe linapandisha lehemu na lenyewe linafanya misuli iume zaidi ukimeza statini. Mwenye uvimbe shingoni, anayesikia baridi kupita wenzake, anayenenepa bila sababu na choo kigumu, aombe TSH, kipimo cha damu cha kuangalia tezi, kabla ya kulaumu kidonge. Tezi likitibiwa, lehemu inaweza kushuka kwa kiasi kikubwa bila statini.

Kwa anayetumia ARV

Siwezi kuandika haya kutoka Mbeya nikaliruka hili. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliikuta Njombe ikiongoza nchini kwa VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Wengi wao sasa wanazeeka vizuri, na lehemu inawafikia kama inavyowafikia wengine. Jaribio kubwa lililotoka 2023, lenye watu zaidi ya 7,700 wanaoishi na VVU, baadhi wakiwa Afrika, lilionyesha kwamba pitavastatini ilipunguza matukio ya moyo kwa asilimia 35. Kwa hiyo statini ni yao pia.

Lakini walio kwenye dawa za mstari wa pili zenye ritonavir, iwe na lopinavir au atazanavir, hawatakiwi kabisa kumeza simvastatini wala lovastatini. Na lovastatini, kama tulivyoona, ndiyo iliyo kwenye kopo lenye picha ya moyo. Mtu anayeficha kopo kwa muuguzi wa CTC, kliniki ya wanaotumia ARV, kwa kuwa "ni la asili tu" anaweza kuangusha figo zake. Walio kwenye dolutegravir wako salama zaidi upande wa statini, ila virutubisho vyao vina shida nyingine: kalsiamu, madini ya chuma, zinki na magnesiamu huikamata dolutegravir tumboni isifyonzwe. Meza ARV masaa mawili kabla ya virutubisho hivyo au masaa sita baada yake. Beba makopo yote kliniki, yaweke mezani.

Tulichofanya

Mama nilimpeleka kwa daktari na kikapu chake. Kimeng'enya cha misuli kilikuwa cha kawaida, TSH ya kawaida. Daktari akamwambia, "Mama, pumzika wiki nne, usimeze statini yoyote wala kopo lolote, na uniandikie siku zinazouma." Ukutani sebuleni ipo kalenda ya kanisa, akawa anaweka msalaba kwa kalamu ya bluu kila siku mapaja yanapouma. Wiki nne bila dawa: misalaba tisa. Mingi iliangukia siku ya soko na kesho yake, baada ya kupandisha ndizi barabarani. Wiki nne za kwanza za rosuvastatini miligramu 5: misalaba saba. Aliihesabu mwenyewe mara mbili kwa kidole, akanyamaza, akaenda kutia maji kwenye birika.

Mwezi wa tisa LDL ilikuwa 2.8. Kahawa ya mjomba anaichuja kwa karatasi ninayomtumia kwa basi. Maharage hayajawahi kuwa tatizo kwake. Mafuta ya kila siku ni alizeti, na Jumapili mboga inaingia kijiko kimoja cha mawese ya Kyela, kwa sababu bila hicho, anasema, hiyo si mboga.